Adhabu Imfuate Mkosaji, Isimfuate Mtoto Wake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyeufuata mwendo wao. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu,

Iko methali tuliyoirithi kwa wazee wetu isemayo: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hii ni kweli kwa kapu la samaki. Lakini mtu akiichukua akaifanya ndiyo sharia ya kuwahukumia wanadamu, basi ameingia katika dhulma iliyo wazi. Kwani Qur'ani Tukufu imetufundisha, si mara moja wala mbili, kuwa kila nafsi itaulizwa kwa yale iliyoyachuma yenyewe, na kwamba mzigo wa dhambi hautolewi mgongoni mwa aliyeutenda ukatwikwa mwengine.

Fundisho hili kila Muislamu alijua. Leo nataka tulitazame katika jambo ambalo wengi wetu hudhani halihusiani na dini, nalo ni vikwazo vya mataifa. Dola moja ikivuka mpaka, ikaivamia jirani yake au ikawadhulumu raia wake, dola nyengine hukusanyika zikasema: hatutauza kwake wala hatutanunua kwake, fedha zake zilizo katika benki zetu tutazizuia, na wakubwa wake hawatatia mguu katika nchi zetu. Hiyo ndiyo adhabu iitwayo vikwazo. Je, ni adhabu ya haki au ni dhulma?

Jawabu langu ni kuwa adhabu hii ni afadhali kuliko mizinga, na huenda ikawa haki, lakini kwa sharti tatu: imlenge mkosaji, iuache wazi mlango wa chakula na dawa, na anayeadhibiwa apewe nafasi ya kusikilizwa. Walimwengu hawakuzijua sharti hizi kwa siku moja. Wamejifunza polepole, kwa muda wa karibu miaka mia, na masomo yao yamelipiwa na watu wasiokuwa na kosa.

MKATABA ULIOTUNDIKWA NDANI YA KAABA

Kuwasusia watu na kuwanyima biashara si jambo jipya. Mtume wetu mwenyewe (S.A.W.) alifanyiwa. Katika mwaka wa saba wa Utume, karibu na mwaka 616 wa Miladi, wakubwa wa Makureshi waliandika mkataba kwamba hawataoa kwa Bani Hashim na Bani Muttalib wala hawatawaoza, hawatawauzia kitu wala hawatanunua kitu kwao, mpaka wamtoe Muhammad. Mkataba ule ukatundikwa ndani ya Kaaba, na jamaa hao wakakusanyika katika bonde la Abu Talib kwa muda wa kama miaka mitatu. Vitabu vya Sira vyatueleza kuwa walifikia kula majani ya miti, na kwamba vilio vya watoto wao wenye njaa vilikuwa vikisikika nje ya bonde.

Yazingatieni mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, aliyetakwa ni mtu mmoja, na walioadhibiwa ni koo mbili nzima, wakiwamo hata watu ambao hawakusilimu, kama Abu Talib mwenyewe. La pili, mkataba huo haukuvunjwa kwa panga. Ulivunjwa na watu watano miongoni mwa Makureshi wenyewe. Hisham bin Amr, ambaye kwa usiku alikuwa akipakia ngamia chakula na kumwachilia aingie bondeni, ndiye aliyewaendea wenziwe mmoja baada ya mmoja: Zuhair bin Abi Umayya, Mut'im bin Adi, Abul Bakhtari na Zam'a bin Aswad. Akawauliza, vipi nyinyi mwala na kuvaa, na jamaa zenu waangamia? Wakasimama mbele ya watu wakaukana mkataba ule, na walipouendea wakaukuta umekwisha kuliwa na mchwa, ila palipokuwa na jina la Mwenyezi Mungu.

Kwa hivyo kipimo tunacho tangu zamani. Sasa natutazame mataifa ya zama zetu yalikwendaje.

KUTOKA GENEVA HATA BAGHDAD

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza mataifa yaliunda Shirikisho la Mataifa, makao yake Geneva, na katika mkataba wake wakatia kifungu cha 16, kwamba dola itakayoanza vita kinyume cha ahadi zake itakatiwa biashara na wenziwe wote. Mtihani mkubwa ulikuja mwezi wa Oktoba 1935, wakati Italia ya Mussolini ilipoivamia Uhabeshi. Vikwazo vikaanza tarehe 18 Novemba 1935. Lakini vikwazo gani? Mafuta hayakukatazwa, na magari na ndege za Mussolini zaenda kwa mafuta. Mfereji wa Suez haukufungwa, na meli zilizobeba askari wake zilipita humo humo. Addis Ababa ilianguka tarehe 5 Mei 1936, na kabla ya mwezi wa Julai kwisha vikwazo vilikuwa vimeondolewa. Mwenye nguvu aliadhibiwa kwa kidole, na mnyonge akapoteza nchi.

Umoja wa Mataifa ulipoundwa mwaka 1945, uwezo huu ulitiwa mikononi mwa Baraza la Usalama, katika kifungu cha 41 cha Mkataba wake. Mara ya kwanza kuwalazimisha wanachama wote ilikuwa kwa Rodesia ya Kusini, baada ya Ian Smith na walowezi wenziwe kujitangazia uhuru wao peke yao tarehe 11 Novemba 1965. Azimio la 232 la Desemba 1966 lilikataza baadhi ya bidhaa, na azimio la 253 la Mei 1968 likaifungia nchi karibu biashara yote. Lakini mafuta yaliendelea kuingia kwa njia ya Afrika Kusini na ya Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno, na mwaka 1971 Bunge la Marekani likapitisha sharia ya kuruhusu madini ya kromi ya Rodesia yanunuliwe. Aliyebeba mzigo mkubwa ni jirani asiye na kosa, yaani Zambia, ambayo mafuta yake na njia zake za reli zilipitia huko huko Rodesia. Ndipo likajengwa bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likamalizika mwaka 1968. Vikwazo vile vilikwisha Desemba 1979, na Zimbabwe ikapata uhuru wake tarehe 18 Aprili 1980. Hapana shaka vilisaidia, lakini hapana shaka pia kuwa vita na subira ya wenyeji vilisaidia zaidi.

Kisha ikaja Iraq. Tarehe 2 Agosti 1990 Saddam Hussein aliivamia Kuwait, nchi ya Waislamu, na dhulma hiyo hatuna haja ya kuitafutia udhuru. Siku nne baadaye Baraza la Usalama lilitoa azimio la 661, likaifunga Iraq yote, kuuza na kununua, isipokuwa dawa, na chakula pale tu itakapoonekana dhiki. Mwaka uliofuata ruhusa ya chakula ilipanuliwa. Lakini nchi iliyokuwa ikiishi kwa kuuza mafuta, ikakatazwa kuyauza, itakinunua chakula hicho kwa nini? Ni kama mtu aliyeambiwa, duka li wazi mbele yako, naye amefungwa mikono yote miwili.

Kufikia azimio la 986 la mwaka 1995 lililoiruhusu Iraq kuuza mafuta ili inunue chakula, makubaliano yake hayakutiwa sahihi ila Mei 1996, na chakula cha kwanza hakikufika ila mwaka 1997. Serikali ya Iraq nayo ina sehemu yake ya lawama, kwa kuwa ruhusa ya namna hiyo iliyotolewa mwaka 1991 iliikataa yenyewe. Watawala wa Baghdad hawakulala na njaa hata usiku mmoja. Waliolala na njaa ni walimu, wajane, na watoto wachanga.

Wakubwa wawili wa Umoja wa Mataifa waliosimamia misaada mjini Baghdad, Denis Halliday wa Ireland mwaka 1998 na Hans von Sponeck wa Ujerumani mwaka 2000, mmoja baada ya mwengine waliacha kazi zao kwa kutoridhika na walichokiona. Watu hawa si Waislamu, lakini kitendo chao chatukumbusha Hisham bin Amr na wenziwe wanne. Haki ikisemwa hatutazami kwanza imetoka kinywani mwa nani.

Hapa pana jambo ambalo lazima niliseme, hata kama baadhi yetu halitawapendeza. Mwaka 1999 zilitolewa hesabu zilizofahamiwa kuwa watoto nusu milioni wa Iraq wamekufa kwa sababu ya vikwazo, na hesabu hiyo imetajwa katika mimbari nyingi. Uchunguzi uliofanywa baada ya 2003 haukuliona ongezeko hilo la vifo, na mwaka 2017 wataalamu wawili, Tim Dyson na Valeria Cetorelli, waliandika kuwa hesabu zile ziliharibiwa kwa makusudi na serikali ya Saddam. Sisi tumeamrishwa tukiletewa habari tuihakikishe. Dhulma iliyofanyika Iraq ni kubwa ya kutosha, haihitaji kuongezewa uwongo. Mtetezi wa haki akinukuu hesabu isiyo kweli, huwapa wadhalimu njia ya kuikataa hata ile iliyo kweli.

Wala tusisahau Bosnia. Septemba 1991 azimio la 713 lilikataza silaha kuingia Yugoslavia yote, kwa usawa. Lakini usawa kwa watu wasio sawa ni dhulma: Waserbia walikuwa na silaha za jeshi la zamani, na Waislamu wa Bosnia hawakuwa nazo. Kizuizi hicho kikawakuta katika vita wakiwa mikono mitupu, na Julai 1995 wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 wakauawa Srebrenica.

FUNDISHO LA KWANZA: KUMLENGA MWENYE KOSA

Mambo hayo ndiyo yaliyowafanya wenye akili miongoni mwa mataifa waanze kuuliza: kwa nini tuwapige raia, na hali mkosaji twamjua kwa jina? Mfano mzuri ulitokea Angola. Kundi la UNITA la Jonas Savimbi lilirudi vitani baada ya kushindwa katika uchaguzi wa 1992. Baraza la Usalama halikuifunga Angola. Mwaka 1993 lilikataza silaha na mafuta yasiuzwe kwa UNITA, mwaka 1997 likawazuilia wakubwa wake kusafiri, na mwaka 1998 likakataza ununuzi wa almasi ambazo kwazo Savimbi alikuwa akipatia fedha za vita. Mwanzoni wavunjaji walikuwa wengi. Mwaka 2000 kamati ikatoa ripoti iliyowataja kwa majina, hata marais wa nchi, na tangu hapo imekuwa desturi vikwazo kufuatwa na wachunguzi wa kuangalia nani avunja na wapi.

Baada ya hapo Uswisi, Ujerumani na Sweden, kila moja kwa zamu yake, kati ya 1998 na 2003, ziliwakusanya wataalamu kutengeneza namna ya kuzuia fedha, safari na silaha za watu maalumu. Tangu katikati ya miaka ya 1990 Baraza la Usalama halikuweka tena vikwazo vipya vya kuifunga nchi nzima kama Iraq, ingawa vile vya Korea Kaskazini vya 2016 na 2017 vimepanuka hata vikakaribia huko. Haiti ilifungiwa biashara yote mwaka 1994. Mwaka 2022 nchi hiyo hiyo ilipopatwa na fitna za magenge, vikwazo viliwekewa viongozi wa magenge, si wananchi. Na hapa jirani kwetu Somalia, azimio la 2036 la Februari 2012 lilikataza mkaa usisafirishwe nje, kwa kuwa mkaa uliokuwa ukipakiwa katika bandari ya Kismayu kwenda nchi za Ghuba ulikuwa ukiwatajirisha Al-Shabaab.

Ndugu zangu, jambo hili lina asili katika Sira. Sahaba watatu, Kaab bin Malik, Murara bin Rabii na Hilal bin Umayya, walibaki nyuma katika vita vya Tabuk pasina udhuru. Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha watu wasiseme nao, na ikawa hivyo siku 50. Angalieni mipaka yake. Walioadhibiwa ni wao watatu kwa majina yao, si watoto wao wala mitaa yao. Hilal alikuwa mzee, na mkewe alipoomba ruhusa ya kuendelea kumtumikia, alipewa. Na toba yao ilipokubaliwa adhabu ikaondolewa siku ile ile, na watu wakawakimbilia kuwapongeza. Adhabu ilikuwa na jina, ilikuwa na huruma ndani yake, na ilikuwa na mwisho.

FUNDISHO LA PILI: MLANGO WA CHAKULA

Hata hivyo kumlenga mkosaji peke yake hakutoshi, kwani mkosaji huenda akawa ndiye aliyeishika nchi wanamokaa wenye njaa. Hayo yalitokea Somalia. Ukame ulikuja, vita vikawapo, na Al-Shabaab wakayafukuza mashirika ya misaada katika sehemu walizozishika. Dhambi hiyo ni yao. Lakini kwa upande wa pili, sharia za Marekani za kukataza kitu chochote kisifike mikononi mwa kundi hilo ziliwatia watoaji misaada hofu ya kushtakiwa, na misaada ikapungua wakati ilipohitajiwa mno. Baraza la Usalama lilitoa ruhusa maalumu mwezi wa Machi 2010, lakini hofu haikwisha. Baa la njaa likatangazwa Julai 2011. Wataalamu waliochunguza baadaye walikadiria kuwa watu kama 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, na nusu yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Wengi waliosalimika walivuka mpaka kwa miguu wakaja Dadaab, na wako miongoni mwetu waliowapokea kwa macho yao.

Baada ya haya, na baada ya dhiki iliyowapata watu wa Afghanistan mwaka 2021, tarehe 9 Desemba 2022 Baraza la Usalama lilipitisha azimio la 2664, lililoletwa na Marekani na Ireland. Wajumbe 14 walilikubali, na India haikupiga kura. Azimio hilo lasema kwamba katika vikwazo vyote vya Umoja wa Mataifa vya kuzuia mali, fedha na bidhaa zinazohitajiwa kufikisha misaada ya kuokoa maisha hazihesabiwi kuwa ni kuvunja vikwazo. Kwa orodha ya Al-Qaida na Daesh ruhusa hiyo iliwekewa miaka miwili kwanza. Desemba 2024, kwa azimio la 2761, ikafanywa ya kudumu.

Kutoka 661 mpaka 2664 ni miaka 32. Nasi natukumbuke aliyoyafanya Mtume wetu (S.A.W.) karne 14 zilizopita. Thumama bin Uthal, bwana wa Bani Hanifa katika nchi ya Yamama, aliposilimu alikwenda Makka kufanya Umra, na Makureshi walipomtolea maneno aliwaapia kuwa haitawafikia hata punje moja ya ngano ya Yamama mpaka Mtume aruhusu. Makka ni bonde lisilo na mimea, na ngano yake ikitoka huko. Njaa ikawauma. Wakamwandikia Mtume kumkumbusha udugu wa damu. Naye aliwajibu nini? Watu hao ndio waliomfungia bondeni miaka mitatu. Na Bibi Khadija na Abu Talib (ami yake) walifariki muda mfupi baada ya kutoka humo. Lau angalikuwa mtu wa kisasi, siku ilikuwa ni hiyo. Lakini alimwandikia Thumama aiachilie ngano iende Makka. Na Makureshi wakati huo walikuwa bado ni maadui zake, hawajasilimu.

FUNDISHO LA TATU: KUMSIKILIZA MSHTAKIWA

Kuwataja watu kwa majina kulileta tatizo jipya: je, jina likitiwa kwa makosa? Baada ya mashambulio ya Septemba 2001 huko Marekani, orodha iliyoanzishwa kwa azimio la 1267 la mwaka 1999 ilirefuka upesi. Aliyetiwa humo mali yake ilizuiliwa, na hakuonyeshwa ushahidi wala hakuwa na kadhi wa kumwendea. Novemba 2001 kampuni ya hawala ya Al-Barakaat, iliyokuwa kubwa kuliko zote kwa Wasomali, ilifungwa, na maelfu ya familia waliokuwa wakipokea cha mwezi kutoka kwa jamaa zao ng'ambo wakakatikiwa. Mwaka 2004 wachunguzi wa tume ya Marekani yenyewe waliandika kuwa ushahidi wa kampuni hiyo kuwapa fedha magaidi haukupatikana.

Mfanyabiashara wa Saudia, Yassin Abdullah Kadi, alitiwa katika orodha Oktoba 2001. Yeye na tawi la Al-Barakaat la Sweden waliishtaki amri ya Ulaya, na tarehe 3 Septemba 2008 Mahkama ya Haki ya Ulaya mjini Luxembourg ikahukumu kuwa haki yao ya kujitetea imevunjwa. Hukumu hiyo iliutikisa mpango wote. Desemba 2009, kwa azimio la 1904, Baraza la Usalama likaunda ofisi huru ya kupokea maombi ya walioorodheshwa, na jaji Kimberly Prost wa Canada akawa wa kwanza kuishika. Mwaka 2011 ofisi ilipewa nguvu zaidi, hata pendekezo lake la kumfuta mtu hupita isipokuwa wajumbe wote wa kamati walikatae, au shauri lipelekwe kwa Baraza lenyewe. Wengi walioomba wamefutwa, na Kadi mwenyewe alifutwa Oktoba 2012, baada ya miaka kumi na moja.

Katika mafundisho ya dini yetu, Mtume (S.A.W.) alipomtuma Sayyidna Ali (R.A.) kwenda kuwa kadhi Yemen, alimuusia asihukumu kwa maneno ya mmoja mpaka amsikilize na wa pili. Mataifa yameufikia mlango huu, lakini hawajauingia wote: ofisi hiyo ni ya orodha ya Al-Qaida na Daesh tu. Waliomo katika orodha nyengine wana mahali pa kupeleka barua, pasipo na nguvu kama hizo.

YALIYOSALIA

Kwa hivyo mwenye insafu atakubali kuwa mambo yamekuwa mazuri kuliko yalivyokuwa. Lakini asidhani kuwa kazi imekwisha. Liko kwanza tatizo la dola kubwa kujiwekea vikwazo vyao peke yao, nje ya Umoja wa Mataifa, ambapo mwenye kushtaki ndiye mwenye kuhukumu. Liko la pili, la upendeleo: wanachama watano wa kudumu wa Baraza la Usalama waweza kuliangusha azimio lolote, basi wao na rafiki zao hawaguswi. Na liko la tatu, ambalo ni hofu ya mabenki. Karatasi yaruhusu dawa ipite, lakini mwenye benki kwa kuogopa faini aona ni salama zaidi kuikataa biashara yote, na mgonjwa hafi kwa sharia, afa kwa woga wa karani.

Hayo yametufikia hata hapa Kenya. Baada ya msiba wa Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, walipouawa watu 148, na kuua huko ni haramu iliyo kubwa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za hawala na kuzizuia akaunti nyingi, zikiwamo za mashirika mawili ya kutetea haki ya Mombasa. Hawala zilifunguliwa mwezi wa Juni, na baadaye mwaka huo huo Mahkama Kuu ya Mombasa ikaamuru akaunti za mashirika hayo zifunguliwe. Mahkama iliwasikiliza, na hiyo ndiyo faida ya kuwapo mahkama. Lakini ni mama wangapi Mandera na Mogadishu walioukosa unga katika miezi ile?

NA SISI JE?

Ndugu zangu, ni rahisi kuwahukumu wakubwa wa New York. Natujitazame na sisi katika mitaa yetu. Mtu akikosana na jamaa zake kwa ajili ya mirathi, au kwa ajili ya siasa, au kwa ajili ya msikiti, sisi hufanyaje? Twamsusia. Harusini kwake hatuendi. Duka lake twalipita. Na mara nyingi hatukomei kwake: mkewe haalikwi tena, binti yake haposwi, na mtoto wake chuoni haketishwi na wenziwe, wala hajui kosa la babake ni nini. Kisha miaka hupita, sababu ya ugomvi husahauliwa, na mtengo wabaki.

Huu ni mkataba wa Makureshi, hata kama hatukuuandika wala kuutundika popote. Muislamu aliyekosa huenda akastahili kukatazwa, na huenda hata akastahili kuepukwa mpaka arudi. Lakini jiulizeni maswali manne: Je, aliyekosa amesikilizwa? Je, adhabu hii yamwangukia yeye peke yake? Je, nyumba yake ikikosa chakula au dawa, mlango wetu u wazi? Na je, akirudi, tutamkimbilia kumpongeza kama alivyokimbiliwa Kaab? Ikiwa jawabu la moja katika hayo ni hapana, basi tunalolifanya si kumrudisha ndugu katika njia. Ni kisasi kilichovishwa kilemba.

Na kila mtaa una nyumba iliyotengwa. Basi katika mtaa huo na awepo pia Hisham bin Amr, mtu mmoja wa kuanza, atakayewaendea wenziwe mmoja baada ya mmoja awaulize, vipi sisi twala na wale wana njaa? Watu watano walitosha Makka.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waadilifu hata kwa tunaowachukia, awalishe wenye njaa waliofungiwa kwa makosa ya wengine, na atuepushe sisi na watoto wetu na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.